Fomu ya Saa Nne

Bwana Pidskalny,
karatasi yenu bado iko kwenye friji yangu,
imebanwa na sumaku ya klabu,
nyati mweusi anayetoa moshi puani.
Safu saba, Jumatatu hadi Jumapili,
na juu yake kwa herufi nene:
Mlezi athibitishe. Saa nne usiku, yupo au hayupo.

Mliniletea Colby ana miaka kumi na saba,
mabegi mawili, magongo manne, barua moja.
Barua ile ilijua kila kitu:
mayai mangapi asubuhi, nyama gramu ngapi,
nywele zisifunike ukosi wa shati,
tai siku ya mechi, hata baridi ikishuka
nyuzi thelathini chini ya sifuri,
asibandike picha mtandaoni kabla hamjaiona.
Usingizi wake mliupima kama mfamasia apimavyo dawa.
Paja lake mlilijua kwa sentimita.

Leo nasoma taarifa yenu, mistari mitatu.
Tukio lilitokea nje ya uwanja.
Ni suala lake binafsi.

Binafsi!
Kijana ambaye hata kifungua kinywa chake hakikuwa chake,
hatimaye mmempa kitu kiwe chake peke yake:
mkono wa Renata Bilous.

Renata alikuwa zamu ya usiku, kituo cha mafuta kando ya reli.
Mlikuwa mmeshinda tano kwa mbili.
Colby alitaka sigara, akaombwa kitambulisho.
"Kwani hunijui?"
Alimjua. Bango lake lilikuwa ukutani, kubwa kuliko mlango,
jina, namba, kilo, na umri: kumi na nane.
Mliuandika nyinyi wenyewe.
Renata alilielekezea kidole, akatabasamu.
Kidole hicho ndicho alichokidaka,
kisha kiganja, kisha kifundo,
na kaunta ikawa katikati yao
kama ubao wa kuvunjia kuni.

Akifunga bao, ni mwana wetu sote,
honi zinalia hadi kwenye maghala ya ngano.
Akivunja mfupa, ni mwana wa mama yake
huko Manitoba, mama ambaye hamjawahi kumpigia simu.

Lakini nami nisijitie usafi.
Itazameni safu ya tano, Ijumaa.
Kuna alama ya vema, wino wa bluu, mkono wangu.
Niliitia saa mbili, nikaenda kulala.
Nilikuwa nikiitia saa mbili tangu Novemba.
Saa tisa nilisikia mlango wa gereji,
halafu maji bafuni, maji, maji,
mtu ananawa kuliko uchafu alionao.
Asubuhi nikamkaangia mayai manne, kama barua ilivyosema.
Hakuniangalia. Sikumuuliza.
Oktoba nilimuuliza kocha kuhusu ngumi zilizochubuka,
akacheka: "Vijana hao, mama."
Nami nikacheka, Mungu anisamehe,
kwa sababu kila mwezi hundi yenu ilikuwa inafika.

Nasikia mnataka kumbadilisha na golikipa wa mashariki.
Mtampakia kwenye basi usiku,
mji mwingine, mlezi mwingine, friji nyingine,
na Renata mwingine ambaye bado hajui zamu yake ni lini.
Hapana. Simtetei; polisi wana kazi yao naye.
Nawaambia nyinyi: njooni jikoni kwangu,
wewe, kocha, mweka hazina,
kalamu nitawapa,
kila mmoja aweke sahihi yake
chini ya uongo wangu.

Jana nilikwenda kujaza mafuta.
Bango wamelibandua; ukuta umebaki na pembe nne za gundi.
Renata alinirudishia chenji kwa mkono wa kushoto,
sarafu moja, nyingine, moja ikabingirika chini.
Watu watatu nyuma yangu walikuwa wakikohoa.
Niliinama, nikaiokota,
nikaiweka juu ya kaunta,
akaanza kuhesabu upya.